Uzi: Simu, nazi, mbuzi. Wizi mdogo Malindi unashughulikiwa na nani?

MwanaShella (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Ukienda kuripoti wizi hapa Malindi kuna neno utalisikia kabla hujamaliza kueleza: "Askari hatutoshi." Duka limevunjwa, simu imenyakuliwa, minazi imekwewa usiku na nazi zimeondoka kwa magunia, mbuzi hayuko bandani asubuhi. Hatutoshi. Gari halina mafuta. Wenzetu wako mahakamani. Rudi kesho.

Sisemi ni uongo. Wakenya tuko zaidi ya milioni 50, polisi ni 100,000 na kidogo, na hao wanavutwa huku na huku. Juni 2024 kundi la kwanza la 400 likapanda ndege kwenda Haiti. Kila mwaka mitihani ya kitaifa ikifika, askari wanasindikiza karatasi za watoto. Mabasi ya Lamu yakishapita Garsen yanasindikizwa. Benki inalindwa na polisi, mheshimiwa analindwa na polisi, na mke wa mheshimiwa akienda kusukwa nywele analindwa na polisi. Wa kumtafuta mbuzi wangu atatoka wapi?

Hata hivyo nina shaka yangu, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Naona kesho tukiongezewa askari mara mbili, mbuzi ataibiwa vile vile na jibu litakuwa lile lile. Kinachotuumiza ni vile ripoti inavyopokelewa pale mezani, na vile mali ya wizi inavyonunuliwa mchana kweupe bila mtu kuulizwa kitu. Hayo mawili hayangoji askari wapya.

Mnasemaje?

BintiMuyeye

Hilo la mezani umenigusa. Mimi simu yangu ilinyakuliwa alfajiri na wawili waliokuwa kwenye pikipiki, nikisubiri tuktuk ya kwenda kazini. Nikaenda kituo kimoja, sitakitaja. Kijana wa mezani akaniuliza kama nina risiti. Sina, nani anatembea na risiti? Akauliza, "Una hakika hukuipoteza?" Nikamwambia kaka, mkono wangu huu una mchubuko. Akaandika, akanipa karatasi, nikaenda zangu. Nafika nyumbani mume wangu anaisoma: *imepotea*. Simu imepotea, mahali Malindi mjini. Ya pikipiki hakuna, ya mchubuko hakuna.

Kwa hiyo kwa kitabu cha serikali mimi ni mwanamke msahaulifu.

Tuktuk_Barani

Pole dada. Ndiyo maana sisi stejini hatuendi huko. Mwizi akishikwa anamalizwa hapo hapo, na wiki mbili tatu kunatulia.

Afande_Mstaafu

Nimesoma yote. Nilitumikia polisi miaka mingi, bara na pwani, na sasa nalima mahindi na mihogo Gede, kwa hiyo sina wa kumwogopa.

Kwanza nimweleze MwanaShella huo uchache ulivyo, maana watu hudhani kituo chenye askari arobaini kina askari arobaini. Tuseme ndivyo daftari linavyosema. Toa walio likizo na walio kozi. Toa wa benki na wa mheshimiwa. Toa wa mahakamani, kwa sababu mahabusu haendi peke yake, na askari aliye shahidi lazima aende hata kama kesi itaahirishwa kwa mara ya tano. Toa anayekaa hospitalini kumlinda mshukiwa aliyepigwa na raia (Tuktuk_Barani, huyo ni wako). Wanaobaki uwagawe kwa zamu: mlinzi wa ghala la silaha haondoki, wa seli haondoki, wa meza ya ripoti haondoki. Saa tisa ya usiku unapopiga simu, kuna wawili watatu na dereva, na dereva ana mafuta ya kufika Mtangani na kurudi, basi. Ukiwa Langobaya, tuombe Mungu.

Kwa hiyo uchache upo, na anayeukana hajawahi kupanga zamu.

Lakini hilo la "imepotea" halitokani na uchache, na hapa nakubaliana na mwenye uzi. Kuandika "imeibwa" na kuandika "imepotea" kunachukua dakika zile zile. Tofauti ni hii: ukiandika imeibwa umefungua kesi. Kesi inataka mpelelezi, inataka maelezo ya mlalamikaji yaliyotiwa sahihi, inabaki kwenye hesabu ya makosa, na mkuu wa kituo ataulizwa juu yake kwenye kikao. Imepotea inaisha kwa karatasi moja. Hakuna atakayeulizwa. Kijana wa mezani hakuzaliwa mvivu, amefundishwa na waliomtangulia kwamba hesabu ikipanda ni tatizo la bosi, na tatizo la bosi ni tatizo lake.

Wengine mtakumbuka Septemba 2018, serikali ilipotangaza kwamba askari tawala zaidi ya 24,000 wanahamishiwa polisi wa kawaida, sare mpya za bluu zikaja. Kwenye karatasi tuliongezeka sana. Pale mezani kitabu kilibaki kile kile na maswali yale yale: una risiti? Una hakika?

Bi Muyeye, rudi. Nenda na namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) iliyo kwenye karatasi yako, useme unataka kuandika maelezo kwamba uliporwa. Wakiwa wawili na wakakuumiza, huo kisheria unaweza kuwa wizi wa mabavu. Sheria inauweka mbali kabisa na wizi wa kawaida.

MkulimaGanda

Afande umesema vizuri lakini huko kwenu Gede kuna barabara ya lami. Njoo huku ndani. Mimi nimeibiwa mbuzi mara kwa mara mpaka majirani wananiuliza kwa nini bado nafuga. Na nazi ndiyo usiseme. Wanakwea usiku, hawasikiki, asubuhi unakuta makuti chini na mnazi mtupu. Mchana zile nazi zako ziko kando ya barabara zinauzwa. Utaijuaje nazi yako? Nazi haina jina.

Nilienda kwa chifu, chifu akanipeleka kwa mzee wa mtaa, mzee wa mtaa akaniambia nipeleleze mwenyewe nikishampata mwizi nimwite. Sasa nikishampata mwizi mimi, yeye wa nini?

Msaidizi_wa_Sheria

MkulimaGanda, pole, lakini kuna kitu wafugaji wengi hawakijui na wezi wa mbuzi wangekijua wangefikiria mara mbili. Kanuni ya Adhabu inatenga wizi wa mifugo na wizi wa kawaida. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275, adhabu yake haizidi miaka 3. Wizi wa mifugo, kifungu cha 278, inafika miaka 14. Na mbuzi ni mfugo, hata awe mmoja, hata awe mwembamba.

La pili, ambalo naona ndilo linalomuunga mkono mwenye uzi: kifungu cha 322, kupokea au kushika mali ya wizi hali unajua au una sababu ya kujua kuwa ni ya wizi. Adhabu mpaka miaka 14. Yaani anayenunua simu ya wizi anaweza kufungwa muda mrefu kuliko aliyeiiba kwa wizi wa kawaida. Waliotunga sheria walijua wizi unalishwa na nani.

Sasa niambieni, ni mara ngapi mmesikia mwenye kibanda cha simu za mitumba ameshtakiwa? Mimi nimekaa mahakama za Malindi nikifuata kesi za watu. Vijana wa kunyakua wanaletwa, wakiwa wamevimba uso. Wanunuzi sijawaona wakisimama kizimbani.

Tuktuk_Barani

Kwa sababu wanunuzi wana hela ya chai.

Msaidizi_wa_Sheria

Wengine ndiyo. Lakini mara nyingi hata hakuna aliyewafikia. Kesi ya mnunuzi inataka mlalamikaji mwenye namba ya IMEI (namba ya utambulisho ya simu yenyewe), inataka askari aende kibandani na daftari, na mwenye kibanda aulizwe umeinunua kwa nani, lini, kitambulisho chake kiko wapi. Vyuma chakavu tayari vina sheria yake tangu 2015, mwenye biashara lazima awe na leseni na aweke rekodi ya kila anachonunua na aliyemuuzia. Nenda kwa wanaonunua mabati na nyaya hapa mjini uombe kuona hilo daftari. Utaangaliwa kama umeomba figo.

Kaskazi_Amu

Nduzangu wa Malindi, mnalalamika na nyinyi mna gari la polisi hata kama halina mafuta. Sisi Amu, yaani Lamu, mjini gari halipiti, askari ni miguu yake. Hilo ni zuri kwa njia moja: askari anayetembea kwenye vichochoro anawajua watu, anajua nani mtoto wa nani. Wezi wa nyumba mjini hawafiki mbali, kisiwa ni kisiwa.

Shida ni nje ya mji. Mvuvi wa Faza au Kizingitini akiibiwa mashini ya boti, ile ni nyumba yake, ni ada ya shule, ni kila kitu. Mashini inaondoka usiku kwa boti nyingine na asubuhi iko wapi? Kuifuata kunataka boti na petroli ya boti, na petroli ya boti haifanani na ya pikipiki. Utaambiwa utoe wewe. Umeibiwa mashini, kisha ununue mafuta ya kuitafuta.

Na msisahau sisi tumeishi na operesheni. Mpeketoni ilipovamiwa Juni 2014 waliuawa zaidi ya watu 60. Baada ya hapo ikaja marufuku ya kutoka usiku, wavuvi wa usiku wakakaa nyumbani na njaa. Septemba 2015 ikaja operesheni ya Linda Boni. Askari waliletwa kwa wingi ambao hatujawahi kuuona. Wanaume wa nguvu, magari ya chuma, kila kitu. Walikuja kwa ajili ya msitu wa Boni na barabara, na sikatai walihitajika, wengi wao wamekufa kwenye barabara ile kwa mabomu ya kutegwa. Lakini ukimwendea mmoja ukamwambia mashini yangu imeibwa Shela, anakuangalia tu. Hajaletwa kwa hilo, hajui hata Shela iko wapi. Kwa hiyo mwenye uzi, Lamu tumewahi kuongezewa askari, na mwizi wa mashini alikuwa hajui kama wameongezwa.

MwanaShella

Ahsante kaka wa Amu, hapo umenisaidia kuliko nilivyojieleza mwenyewe. (Na wasomaji wa mbali, Shela yake si Shella yangu. Yake iko kisiwani, yangu iko hapa ufukweni mwa Malindi.)

Kaskazi_Amu

Yetu ni ya kwanza 😀

Mmalindi_Leicester

Mimi niko Uingereza mwaka wa ngapi sijui, lakini nasoma humu kila usiku. Niwaambieni mambo ya huku, maana watu wa nyumbani hudhani Ulaya ukiibiwa baiskeli linakuja helikopta.

Kuanzia 2010 serikali ya huku ilibana matumizi na polisi wa Uingereza na Wales wakapungua kama 20,000. Vituo vingi vya mitaa vikafungwa, majengo yakauzwa. 2014 ikapita sheria kwamba wizi wa dukani usiozidi pauni 200 uchukuliwe kama kosa dogo la hakimu, na wenye maduka wakalia kwa miaka kwamba wezi wameielewa hiyo kama ruhusa. 2019 Boris Johnson akaahidi kurudisha hao 20,000, na kufikia 2023 serikali ikatangaza imewaajiri. Sasa sikiliza: Oktoba 2022 wakuu wa polisi walilazimika kutoa ahadi hadharani kwamba nyumba ikivunjwa, askari *atafika*. Nchi tajiri kama hii, ahadi kubwa ni kwamba utatembelewa. Agosti 2023 ikaja nyingine, kwamba kila dalili ya maana itafuatiliwa, ikiwemo picha za kamera na simu inayoonyesha iko wapi.

Na bado sehemu kubwa ya kesi za wizi zinafungwa bila mshukiwa kujulikana. Mimi baiskeli yangu niliripoti kwa mtandao, nikapata namba na barua ya pole. Tofauti na BintiMuyeye ni kwamba waliandika imeibwa.

BintiMuyeye

Hiyo barua ya pole hata mimi ningeipokea.

Mwalimu_Hesabu

Mjadala huu una jaribio lake la zamani, na naona linafaa hapa. Kansas City, Marekani, 1972 hadi 1973. Polisi waligawa maeneo 15 mafungu matatu. Fungu moja doria ikaondolewa, askari wakawa wanaingia wakiitwa tu. La pili likaachwa kama kawaida. La tatu doria ya magari ikaongezwa mara mbili mpaka tatu. Mwisho wa mwaka, uhalifu haukutofautiana kwa maana yoyote, na wakazi hawakuona hata kwamba doria imebadilika.

Utafiti wa baadaye huko huko Marekani ukaongeza jambo: uhalifu haujaenea sawasawa. Minneapolis waligundua kwamba nusu ya simu za kuita polisi zilitoka kwenye asilimia kama 3 tu ya anwani za mji. Kona zile zile, baa zile zile, steji zile zile. Askari wachache wakisimama mahali penyewe wanafanya zaidi ya wengi wanaozunguka.

Hapa kila mtu anaijua kona ya simu kunyakuliwa alfajiri. Muulizeni mwenye tuktuk yeyote. Je, kuna aliyewahi kumwona askari pale saa kumi na moja na nusu?

Tuktuk_Barani

Huwa wako kwenye kizuizi barabara ya Mombasa wanatuangalia sisi leseni. Pale ndipo penye kuku wa mayai.

Afande_Mstaafu

Mwalimu, jaribio lako zuri lakini angalia jambo moja. Kansas City fungu la kwanza halikuwa na doria, ila ukipiga simu *walikuja*. MkulimaGanda hana doria na akipiga simu hawaji. Hilo fungu la nne hawakulijaribu. Usije ukawapa wakubwa kisingizio cha kusema utafiti umeonyesha askari hawana haja.

La kona, nakubali mia kwa mia. Askari wawili kwa miguu, saa moja na nusu, alfajiri, siku za kazi. Hakuna gari, hakuna mafuta. Linawezekana kesho asubuhi mkuu wa kituo akitaka.

Mwalimu_Hesabu

Umenipata, afande. Kuitwa na kufika ndiko kila kitu kinakoanzia.

NesiMaweni

Mmezunguka kote, hakuna aliyetaja unga, yaani heroini.

Nimefanya kazi na mateja hapa Malindi muda mrefu. Anayehitaji kete asubuhi anaiba asubuhi, anayehitaji jioni anaiba jioni. Haibi kwa tamaa, anaiba kwa ratiba. Betri ya tuktuk, sufuria ya nje, simu, nguo kwenye kamba, mita ya maji. Ukimkamata, akatiwa seli, akaanza kuumwa na arosto humo ndani, askari wenyewe wanamwachia kabla hajawafia mikononi. Kesho yuko kwenye kona yako.

Kliniki ya methadoni, dawa anayopewa teja badala ya unga, ilipofunguliwa hospitali ya Malindi 2015, niliona wanaume waliokuwa wameuza mpaka milango ya mama zao wakaja kila asubuhi kunywa dawa mbele ya mhudumu na kurudi kazini, wengine kwenye uvuvi, wengine utingo. Sina takwimu za wizi za kuwaonyesha. Ninachojua ni kwamba mtu ambaye hatafuti mia mbili za kete kabla ya saa tatu ana asubuhi tofauti, na asubuhi yako pia inapata nafuu. Hiyo si kazi ya askari hata wawe wangapi. Askari wa kweli anahitajika juu, kwa anayeleta mzigo, na huko ndiko tusikoona watu wakipelekwa.

Tuktuk_Barani

Nesi mimi ninakuheshimu, lakini betri yangu ni elfu ngapi? Nimkumbatie?

NesiMaweni

Usimkumbatie, mwanangu. Nakwambia tu ukimpiga mpaka kufa leo, kuna mwingine keshokutwa mwenye ratiba ile ile, na wewe utakuwa na kesi ya mauaji. Na nimeshona vichwa vya watu wawili waliopigwa kwa kudhaniwa. Mmoja alikuwa amekuja kumsalimia shangazi yake.

Msaidizi_wa_Sheria

Ongezea hapo: mwizi akifa mikononi mwa raia, ile mali haitapatikana kamwe, kwa sababu aliyeinunua alijulikana na yeye peke yake.

Nataka kurudi kwenye hoja ya ripoti, maana hapa kwetu tuna mfano mzito na naona watu wanauzunguka. Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga mpaka kufa. Iko Malindi hii hii. Miili zaidi ya 400 imefukuliwa tangu Aprili 2023. Je, polisi walikuwa hawatoshi? Mackenzie alikuwa ameshakamatwa na kufikishwa mahakamani miaka ya nyuma. Machi 2023 alikamatwa tena kuhusu vifo vya watoto, akaachiliwa kwa dhamana. Watu walikuwa wameripoti, majirani wa msitu walikuwa wamesema. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na seneta wa Tana River, Danson Mungatana, ilieleza jinsi vyombo vya dola vilivyoshindwa kuchukua hatua ilhali dalili zilikuwepo.

Sifananishi mbuzi na watoto, Mungu aniepushe. Nasema meza ni ile ile. Mahali ambapo mwenye mbuzi anazoeshwa kwamba kusema ni kupoteza nauli, mwenye habari kubwa naye anabaki nayo nyumbani.

MkulimaGanda

Hilo ni kweli. Huku watu hawaendi tena. Wazee wetu wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, mtu anajua kabisa kijana gani alionekana na panga, na hasemi. Ukisema, jioni aliyesemwa anajua umesema. Imetoka wapi kama si kule kule ulikosemea?

Afande_Mstaafu

Hapo umegusa kidonda chenyewe. Wakati wangu, kesi zilizoshinda zilishinda kwa sababu mtu mmoja alininong'oneza. Mama wa mboga, mvulana wa pikipiki, mlinzi wa usiku. Hakuna kamera wala maabara. Na huyo mtu alininong'oneza kwa sababu safari iliyopita sikumtaja. Askari akihamishwa, naye mnong'ono unahama. Huwezi kumwandika kwenye makabidhiano. Kijana anayekuja kutoka Kitale au Nyeri anaanza upya, Kigiriama hajui, Kiswahili chake cha kuamrisha, na kabla hajazoeana na mtu barua ya uhamisho imeshafika.

Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama wao, ilianzishwa 2013 ili izibe hapo. Penye mzee mwenye busara imesaidia sana, nimeona. Penye mzee anayetaka kuwa polisi bila mshahara imekuwa duka la pili la hongo.

MwanaShella

Naomba sasa tushuke chini kidogo, maana uzi unarefuka. Afande, mtu akiibiwa leo, afanye nini hasa ili isiwe "imepotea"? Tuandikie kama unavyomwambia binti yako.

Afande_Mstaafu

Binti yangu ningemwambia hivi.

Nenda siku hiyo hiyo, na mtu mwingine kama yupo. Kabla hujaondoka pale mezani hakikisha umepewa namba ya OB, uiandike kwenye karatasi yako mwenyewe, na usome kilichoandikwa au uombe usomewe. Kuripoti ni bure. Fomu ya P3 kama umeumizwa ni bure kituoni, anayekuuzia anakuibia mara ya pili. Kisha uliza swali moja tu: "Mpelelezi wa kesi hii ni nani?" Asubuhi mkuu wa kituo anapitia OB na kugawa kesi kwa majina. Kesi isiyo na jina la mtu imeshazikwa. Ukipata jina, omba namba yake ya simu, umwendee kwa adabu, usimtukane, lakini usimwache.

Simu, andika IMEI yako leo usiku kabla hujaibiwa. Bonyeza *#06# itatokea. Iandike ukutani, iandike kwenye Msahafu, popote pasipo kwenye simu yenyewe. Bila hiyo namba mpelelezi hata akiwa malaika hana la kuiuliza kampuni ya simu.

Ukizungushwa, kuna mkuu wa polisi wa kaunti ndogo juu ya mkuu wa kituo. Ikiwa umeombwa pesa au umekataliwa kuandikiwa, kuna IPOA, mamlaka huru inayochunguza malalamiko dhidi ya polisi, ofisi yao ya pwani iko Mombasa. Wanachelewa, lakini barua yao ikifika kituoni watu wanakaa wima.

Mbuzi, toboa au kata masikio kwa alama yako na chifu aijue. Nazi, hapo sina la kukwambia kaka yangu.

MkulimaGanda

Nilijua utafika hapo 😀 Basi nitavuna mapema, hata zikiwa madafu.

Kaskazi_Amu

Mashini ya boti ina namba pia, imepigwa kwenye kibati kando. Wavuvi wengi hawajawahi kuiandika. Nitaipeleka hii kwa kamati yetu ya ufuo, na tuwaambie mafundi wa mashini wasipokee isiyo na kibati. Mafundi ni wachache, wanajulikana wote.

Mwalimu_Hesabu

Hiyo inazidi doria kumi.

Tuktuk_Barani

Na vibanda vya simu je? Nani atawaambia wale? Mimi nikiwaambia nitaonekana mnoko, na ndiko ninakochajia.

Msaidizi_wa_Sheria

Mimi nitaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa polisi wa kaunti ndogo, nimnukulie kifungu cha 322, niombe vibanda vyote viwekewe daftari la muuzaji na kitambulisho, na niombe ile kona iwe na askari wawili alfajiri. Haihitaji askari wapya, haihitaji bajeti. Wenye maduka watatu wamekubali kutia sahihi. Natafuta mtu wa steji ya tuktuk.

Tuktuk_Barani

...

Sawa. Nitamuuliza mwenyekiti wetu. Akikubali natia na mimi.

BintiMuyeye

Nimetoka kituoni sasa hivi. Nilienda na boksi la simu, lina IMEI ubavuni, risiti ilikuwa humo ndani muda wote. Nilimkuta dada mezani safari hii, si yule kijana. Nimeandika maelezo kurasa mbili, mchubuko umeingia, pikipiki imeingia. Jina la mpelelezi nimepewa. Ameniambia nije Jumatatu.

Afande_Mstaafu

Jumatatu fika kabla ya saa mbili. Baada ya hapo atakuwa mahakamani mpaka mchana. Na boksi usimwachie, mpe kopi.

BintiMuyeye

Sawa mzee, shukran. Kopi nishatoa mbili.